Kura ya Kumuua Baba Mkwe

"Jemadari ni nani?"

Hivyo ndivyo mchumba wangu alivyoanza. Hakuna salamu, hakuna "umeamkaje." Ilikuwa saa nne asubuhi, niko gereji, napiga msasa mlango wa gari lililogongwa ubavuni, simu nimeibana kati ya sikio na bega.

"Jemadari gani tena?" nikajibu, nikajichekesha kidogo.

"Kwenye lile kundi lenu la gemu. Jemadari ni nani?"

"Aa, kule watu ni maelfu, mpenzi. Kila mtu na jina lake la bandia. Kwani vipi?"

Nyuma yake nilisikia pampu za mtambo wa maji zikinguruma. Mchumba wangu ni mpimaji maji. Kazi yake ni kukaa maabara na kuhakikisha mji mzima haunywi uchafu.

"Basi ngoja nikusomee," akasema, kwa sauti ileile anayosomea majibu ya vipimo. "'Mfunga Koki anachechemea mguu wa kushoto. Shingoni ana filimbi. Watu wa bondeni wakililia maji, yeye anacheka, anasema: maji hayana ndugu.' Mwisho wa kunukuu. Hayo maneno matatu ya mwisho, katika dunia hii nzima, nimemwambia mtu mmoja tu."

Mkono wenye msasa ukasimama wenyewe.

"Mpenzi, sikiliza..."

"Wenzangu hapa maabara wanayasoma kwa sauti. Wanasema kuna jamaa kauandika mtambo kama wetu, fundi kweli. Na mimi nikacheka nao, unajua? Nilicheka mpaka nilipofika kwenye filimbi."

"Naomba nikueleze."

"Halafu pale chini kuna kura. 'Mfunga Koki afe vipi?' Wewe umewapigisha watu kura wamuue vipi baba yangu."

Simu ikakatika. Zilikuwa zimebaki wiki tano tufunge ndoa. Kadi zilikuwa zimeshachapwa.

Jemadari nilikuwa mimi. Acha niseme yote, maana nusu ya aibu hii nimeibeba kwa kusema nusunusu.

Mimi ni mpaka rangi wa magari. Mchana navaa ovaroli yenye madoa, bosi ananiita "wewe wa rangi," hata jina langu sina uhakika kama analikumbuka. Lakini kwenye simu nilikuwa mtu. Kuna gemu moja ya dunia iliyoteketea: miji imekuwa majivu, waliosalia wanatafutana na kupigana kwenye magofu. Mimi ndiye niliyeanzisha kundi la mashabiki wake, likakua mpaka watu elfu kumi na mbili. Nikisema jambo, watu wanasimama. Nikimtoa mtu, ametoka.

Watengenezaji walipotangaza kuwa sehemu ya pili inakuja, na kwamba wanasikiliza maoni ya mashabiki, kundi likawaka moto. Swali lilikuwa moja: safari hii mambo yatokee wapi? Mmoja akataka jangwani. Mwingine chini ya bahari. Mwingine akataka mwezini, tukamwambia akapimwe kichwa. Na alikuwepo mmoja aliyejiita Theluji, mtu wa maneno matamu, aliyetaka mambo yahamie kwenye milima ya barafu. Alieleza baridi yake mpaka ukatamani blanketi. Watu wakaanza kumfuata yeye. Nikaona ufalme wangu unayeyuka.

Jumapili moja mchana nilikuwa kwa mchumba wangu. Yeye anapiga pasi koti lake jeupe la kazini, mimi nimejilaza kwenye kochi namsomea mabishano hayo.

"Nyote mmekosea," akasema bila kuinua kichwa.

"Haya, mtaalamu, tuelimishe."

"Dunia ikiisha leo, kesho utaamka na nini? Kiu. Hutatafuta bunduki, utatafuta maji. Mimi gemu yenu ningeiweka kwenye mtambo wangu. Hujawahi kushuka kwenye lile tangi la chini. Ukikohoa, kikohozi kinakurudia kama vile kuna watu wengine mle ndani."

Nikainuka nikakaa. "Endelea."

Akaendelea. Ngazi za chuma zinazoteleza. Chumba cha klorini ambacho huingii peke yako, lazima mwenzako akuangalie kupitia kioo. Koki kuu, kubwa kama usukani wa lori.

"Kwa hiyo mwenye kushika koki ndiye mfalme," nikasema.

Akaisimamisha pasi. Nikadhani nimemuudhi.

"Si mfalme. Ni mtu ambaye hatalala tena maisha yake yote. Namjua."

Ndipo akaniambia habari ya baba yake. Nilikuwa namfahamu kama mzee mpole aliyestaafu, anayechechemea. Sikujua kwamba miaka kumi na tisa nyuma, yeye ndiye aliyekuwa zamu siku mafuriko yalipovunja mfereji wa maji taka na uchafu ukaingia kwenye bomba la mtaa wa bondeni. Bomba lile lingebaki wazi, mji mzima ungekunywa kinyesi. Akafunga koki kuu ya bondeni kwa mkono wake. Watu wa bondeni walikaa siku tisa bila maji. Wakanywa ya mitaroni. Watoto watatu walikufa.

"Uchunguzi ulisema alifanya sawa," akasema mchumba wangu. "Lakini kuna mama mmoja alimtemea mate usoni sokoni, mimi nimemshika mkono, nina miaka minane. Baba hakujifuta mpaka tulipofika nyumbani. Alichosema ni 'maji hayana ndugu, mwanangu,' basi. Hajalizungumza tena. Hata mama haruhusiwi kuligusa. Usimwambie mtu."

"Mimi nimwambie nani?" nikasema. Nikamkumbatia, na nilimaanisha, naapa nilimaanisha.

Jumanne yake niliandika kuhusu mtambo. Mtambo tu, ngazi na tangi. Watu wakapita kama hawajaona. Theluji akaandika: "Jemadari, hii ni gemu au ni darasa la usafi?" Watu wakacheka siku nzima.

Hapo ndipo nilipouza nafsi yangu kwa bei ya vicheko. Gemu inahitaji adui, nikajiambia. Nikachukua mguu unaochechemea. Nikachukua filimbi, aliyokuwa akiwaitia wenzake kwenye kelele za pampu. Nikachukua watoto watatu, nikawafanya thelathini. Nikachukua maneno yake, nikayatia kicheko. Nikamwita Mfunga Koki.

Kundi likalipuka. Watu wakachora picha zake. Theluji mwenyewe akaandika: "Nimeshindwa. Huyu mzee namchukia kama namfahamu." Nami, mkate mkono mmoja, simu mkono mwingine, wakati wa mapumziko ya mchana, nikaweka kura: azamishwe kwenye tangi, afungiwe chumba cha klorini, au aachwe mikononi mwa watu wa bondeni?

Elfu sita na mia nne walipiga kura. Nilikuwa nafungua kuangalia namba zikipanda kama mtu anayeangalia mtoto wake akitambaa.

Baada ya ile simu nilifuta kila kitu. Nilifuta bure. Watu walikuwa wameshapiga picha za skrini, wameshasambaza, wengine wananiuliza "Jemadari, mbona umeondoa? Wamekununua, au nini?" Nikavua ovaroli, nikaenda kusimama kwenye geti la mtambo wa maji.

Alitoka saa saba na nusu, na koti lake jeupe, miwani ya maabara bado kichwani. Mlinzi wa geti alijifanya anaandika kwenye daftari.

"Nimeshafuta," nikasema.

"Hongera."

"Mpenzi, ni gemu tu. Hakuna anayejua kuwa ni yeye. Sikutaja jina, sikutaja mji."

"Mimi najua. Wewe unajua. Asubuhi ulivyosema 'Jemadari gani tena,' ulikuwa unajua." Alinitazama kama anavyotazama chupa yenye maji yaliyoingia tope. "Unajua kinachoniuma zaidi? Ningekuelewa kama ungemwandika alivyo. Ungeandika mtu aliyefunga koki akalia. Lakini hiyo haichekeshi, siyo?"

Akaivua ile miwani kichwani.

"Baba bado hajui," akasema. "Lakini wajukuu wa jirani wanacheza hiyo gemu. Wiki hii, wiki ijayo, atasikia. Nani atamwambia?"

"Wewe unaweza kumwambia vizuri zaidi..."

"Mimi?" Alicheka kicheko kikavu. "Nikamwambie baba yangu kwamba nilitoa siri yake kwa mwanamume nikidhani ni mume? Nenda kamwambie wewe. Mpaka hapo, usinipigie."

Akavua pete, akanitilia kwenye mfuko wa shati mwenyewe, akaugonga mfuko kidogo kwa vidole kama mtu anayehakikisha barua imeingia sandukuni. Mlinzi akaacha hata kujifanya anaandika.

Sikwenda siku hiyo. Wala kesho yake. Nilijiambia naandaa maneno. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na woga ukikaa siku mbili unaanza kujiita busara.

Ijumaa simu ikaita. Baba mkwe.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu! Mbona umepotea? Sikiliza, hawa wanawake wananichanganya na suti ya harusi. Mmoja anasema kijivu, mwingine anasema bluu. Wewe ni mtu wa rangi. Njoo kesho asubuhi unitetee."

Nikasema nitakuja. Nilipokata simu niliketi chini kwenye sakafu ya gereji, kati ya makopo. Bosi akapita, akauliza, "Unaumwa nini?" Nikasema vumbi la rangi.

Jumamosi nilimkuta sebuleni amevaa koti la kijivu juu ya fulana ya nyumbani, lebo ya dukani bado inaning'inia mkononi. Alikuwa anajigeuza mbele ya kioo cha kabati. Mama mkwe alinikaribisha kwa uso wa mtu asiyejua kitu, akaenda jikoni. Mchumba wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake. Hakunisalimia, wala hakuondoka.

"Ehe, fundi," akasema mzee. "Nisemeje? Nimependeza au nimekuwa kama karani?"

"Baba, kaa kwanza. Nina neno."

"Kukaa na suti mpya? Itapata mikunjo. Sema tu."

"Baba, nimekukosea. Nimekukosea sana."

Akaacha kujigeuza. Akaniangalia kupitia kioo kwanza, kisha akageuka.

Nikasema. Nilisema huku natazama vidole vya miguu yake. Gemu, kundi, mabishano, siri niliyopewa, nilivyoigeuza. Nilipofika kwenye kura nililazimika kuanza sentensi upya. Mara tatu.

"Unayo hapo?" akauliza.

"Nini, baba?"

"Hayo uliyoandika. Unayo?"

"Nilifuta. Lakini watu walihifadhi."

"Nipe nisome."

"Baba, tafadhali..."

"Elfu sita wamesoma. Mimi nisisome?"

Nikamtafutia, nikampa simu. Akavaa miwani. Akaketi, na suti yake, akasahau mikunjo. Mzee yule anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Alisoma niliyoandika, kisha akaanza kusoma maoni ya watu, moja baada ya jingine. "Auawe mbwa huyu." "Mimi ningemchemsha." Vicheko, vicheko. Nilitamani dari ianguke. Mchumba wangu alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Na hii namba?"

"Ni... ni waliopiga kura, baba."

"Wengi wamechagua lipi?"

Akasogeza skrini mwenyewe.

"Tangi," akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana. "Na mimi nilichagua tangi. Mwaka ule. Nilikwenda mara mbili, nikasimama pale juu kwenye ngazi. Mara ya pili niliteleza, ndipo mguu ukavunjika. Mnajua nyote kuwa nilianguka kazini."

Kutoka jikoni kikombe kikagonga sinia. Mama alikuwa anasikiliza. Mchumba wangu akaja akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake, akakilaza kichwa chake kwenye ile suti ya kijivu.

"Baba, hukuwahi kusema."

"Ningesemaje? Ulikuwa na miaka minane." Akamshika kichwa. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa kali. "Wewe. Umeandika kwamba nilicheka."

"Ndiyo, baba."

"Sikucheka."

"Najua, baba."

"Hujui. Kabla sijafunga nilimpigia mkuu wangu simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Hakuna aliyepokea. Koki ile inazunguka mara arobaini na mbili mpaka ifunge. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kila mzunguko naomba simu ilie mtu aniambie niache. Waandikie hilo. Sikupi adhabu nyingine. Waandikie hao watu wako kwamba sikucheka."

"Nitaandika. Na jina langu nitaweka."

"La kwako weka. La kwangu usiweke." Akasimama, akalivua koti taratibu, akalirudisha kwenye mfuko wake wa dukani. "Sasa nenda. Leo sina nguvu ya kuwa na mgeni."

Niliandika mchana uleule, nimekaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya gereji iliyofungwa. Niliweka picha ya uso wangu na kazi yangu. Nikasema Mfunga Koki ni mtu kweli, anapumua, nilipewa habari zake kwa siri nikazipotosha ili nipendwe. Nikaeleza zile simu tatu. Nikaeleza mizunguko arobaini na miwili. Nikamalizia: "Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka." Kisha nikamkabidhi Theluji uongozi wa kundi, maana sikumwona mwingine mwenye akili.

Matusi niliyoyapata sitayarudia hapa. Yote yalikuwa haki yangu. Lakini baada ya saa moja hivi mtu mmoja akauliza: "Wewe ungefunga?" Mwingine akajibu kuwa angefunga. Mwingine akasema asingeweza, ana ndugu zake mabondeni. Wakaanza kubishana, ila safari hii hakuna aliyeweka kicheko.

Theluji akanitumia meseji pembeni: "Kaka, mimi nilipiga kura ya tangi. Nimekaa hapa sijui hata nikuombe umwambie nini huyo mzee. Mwambie tu kuna mtu anaona haya."

Nikamtumia mchumba wangu meseji hiyo ilivyo, bila neno langu hata moja. Alama zikaonyesha ameisoma. Hakujibu.

Tarehe ya harusi ikapita. Siku hiyo nilikwenda kazini kama kawaida, nikapaka rangi gari la bwana harusi wa watu wengine.

Wiki ya saba tangu ile simu, alikuja gereji. Nilimwona kwanza miguu, maana nilikuwa nimelala chini napaka ukingo wa gari. Nikatoka, barakoa usoni, nikasahau kuivua.

"Baba amenituma," akasema.

"Hajambo?"

"Analala. Mama anasema anakoroma kama pampu; miaka kumi na tisa hajamsikia akikoroma. Juzi baba alimweleza habari ya ngazi yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Walilia wote wawili, mimi nikatoka nje nikawaacha." Akahamisha mkoba begani. "Anasema yule mkuu wake, aliyeacha simu iite, walikutana misiba mingi tu baada ya pale. Hajawahi kumwambia pole. Anasema wewe angalau ulikuja na miguu yako."

"Ulinilazimisha wewe."

"Nilimwambia hivyo. Akasema wapo wanaolazimishwa na bado hawaji."

"Na wewe unasemaje?"

Alitazama makopo ya rangi, ukuta, kila kitu isipokuwa mimi.

"Mimi nina hasira. Nikiamka ipo, nikilala ipo. Lakini na wewe upo. Nimejaribu kukuondoa nikashindwa, nikajiona mjinga." Akanyoosha mkono. "Lete pete. Ukinichekea sasa hivi naondoka."

Sikucheka. Machozi yalikuwa yameshajaa ndani ya barakoa. Pete ilikuwa nyumbani. Nikamwomba anisubiri, nikakimbia na ovaroli yangu mtaa mzima, watu wanadhani gereji inaungua.

Tulioana miezi minne baadaye, watu wachache, mzee akavaa bluu. Watengenezaji wa gemu nao walitangaza yao: sehemu ya pili itakuwa kwenye milima ya barafu. Theluji akanitumia vicheko ishirini, nikampongeza. Mimi siko tena kwenye kundi lolote.

Msidhani mambo yalinyooka. Kwa muda mrefu mke wangu aliniambia kila kitu isipokuwa vitu vyake. Bei ya mkaa, kelele za jirani, bomba lililopasuka kazini, vyote niliambiwa. Akianza jambo la ndani, alinitazama usoni kidogo, akalimeza. Sikumlaumu. Nilikuwa naondoka nakwenda kukaa chooni, naona haya mpaka masikio yanawaka.

Juzi tulikuwa tunafua mashuka uani, yeye ameshika ncha moja, mimi nyingine, tunayakamua. Ghafla akasema, "Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu."

Akaniambia. Kitu kidogo tu, cha utotoni. Alikuwa anasema huku anaendelea kukamua, haniangalii, na nilishika ile ncha yangu kwa mikono miwili nisije nikaiachia ikaanguka kwenye tope.

Alichosema siandiki.